Mgongo wa Punda na Mkono wa Mpakiaji
Watu wengi hudhani ya kuwa punda huchubuka mgongo kwa sababu ya uzito tu. Mimi sikubali. Tazameni punda waendao soko la Ngaramtoni: mara nyingi gunia limelazwa juu ya uti wa mgongo, mahali pasipo na nyama nyingi, na hapo damu hubanwa. Mzigo ukizidi upande mmoja husugua kila hatua, hasa mteremkoni. Mpanda farasi akaaye upande humwumiza mnyama vivyo hivyo. Gawanyeni mzigo sawasawa, ulale juu ya mbavu pande zote mbili. Mkiisha kupakua, tazameni jasho: palipo pakavu katikati ya jasho huenda ndipo palipobanwa. Punda mwenye madoa meupe chini ya tandiko, mara nyingi hakuzaliwa nayo.