Besi Inapotea Kwenye Bodaboda

Swali: Mkuu, tumerekodi albamu ya hip hop hapa Katoro, Geita. Studio inagonga balaa, ila kwenye spika ya bodaboda besi inapotea na mistari haisikiki. Tupandishe sauti kwenye masta?

Jibu: Hapana, kaka. Hilo ni tatizo la miksi, na masta haitalitibu.

Besi ya 808 hukaa zaidi kati ya hezi 40 na 60, na spika ndogo huko chini haifiki. Ipeni ukwaruzo kidogo ili izae sauti za juu yake, 100, 150 na kuendelea. Sikio litajijazia besi lenyewe. Kisha amueni nani anamiliki sakafu, kiki au besi. Zote mbili zikigombana, mnapata vumbi tu.

Kwa mistari, punguzeni mdundo kati ya kilohezi 2 na 4 mchanaji anapoingia. Konsonanti nyingi husikika hapo, na vina vyetu huishia kwa irabu: konsonanti zikimezwa, "pata" na "paka" ni kitu kimoja. Sikilizeni kazi za P-Funk Majani pale Bongo Records, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ngoma nzito, lakini kila neno lipo.

Kuhusu makelele: Spotify kwa kawaida hushusha nyimbo hadi takribani LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo kuibana masta hadi ipasuke ni hasara tupu. Kazi ya masta kwenye albamu ni kulinganisha nyimbo, hasa mkiwa na maprodyuza tofauti. Kabla ya kumalizia malipo, ipigeni kwenye bajaji stendi, injini ikiwa imewaka.