Dondoo muhimu: Stendi ya maiki isiyoyumba

Anza na miguu. Stendi ya miguu mitatu yenye mkono mrefu huanguka hasa pale uzito wa maiki unaponing'inia kati ya miguu miwili. Izungushe hadi mguu mmoja ukae chini ya mkono, ukielekea kule maiki iliko. Bado inayumba? Jaza mchanga mkavu kwenye mfuko imara, uufunge vizuri, uulaze juu ya miguu.

Ukitaka kubadilisha urefu, legeza kwanza, inua, ndipo ukaze. Kulazimisha mkono uliokazwa hula meno ya kiungo, na stendi iliyokwisha meno haishiki tena, hata ukaze vipi.

Skrubu za stendi nyingi ni za inchi 5/8 au 3/8. Adapta ndogo ya chuma huzipatanisha. Weka mbili za akiba, maana hupotea upesi.

Maiki ya kondensa ikae kwenye kishikio chenye nyuzi za mpira, ili kishindo cha nyayo kisiingie kwenye sauti. Waya uachie kitanzi karibu na maiki kabla ya kuufunga kwenye stendi. Mwimbaji asimame umbali wa sentimita 15 hadi 20, kichujio cha pumzi kikiwa katikati.