Mama Anaporudi Kazini: Mshahara ni wa Nani?

Tumeulizwa suala na bibi mmoja katika wale wahudhuriao darsa ya wanawake baada ya Alasiri, nasi tuliahidi kulijibu kwa kalamu, kwani twajua kuwa si suala lake peke yake. Bibi huyu alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi. Mwaka 2013, alipojifungua mtoto wake wa pili, aliacha kazi, akakaa nyumbani miaka 11 akilea. Watoto sasa ni wanne, mdogo wao ameingia skuli, naye ataka kurudi kufundisha. Mumewe hakumkataza. Alimwambia tu: "Nenda, lakini tangu siku utakayopokea mshahara, kodi ya nyumba na karo za watoto ni juu yako. Haiwi utoke ukachume, kisha nikulishe." Atuuliza, je, mume anayo haki ya kuweka sharti hilo?

Jawabu fupi ni kwamba hana. Lakini jawabu fupi halitoshi, kwa kuwa wengi katika wanaume wetu wamekwisha kuitakidi kwamba mke akipata shilingi mia, wajibu wa mume hupungua shilingi mia. Itikadi hii haina asili. Masurufu ya mke hayakuwekwa kwa sababu ya ufukara wake. Yaliwekwa kwa sababu ya ndoa. Mke tajiri hulishwa kama alishwavyo mke maskini. Katika madhehebu yetu ya Kishafi kipimo chake hutazamwa kwa hali ya mume: Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj ataja mudi mbili za nafaka kwa kila siku juu ya mume mwenye wasaa, mudi moja juu ya mwenye dhiki, na mudi moja na nusu juu ya aliye baina ya hao wawili. Mfuko wa mke haukutajwa. Tena asema kwamba gharama ya kuisaga nafaka hiyo na kuioka ni juu ya mume vilevile. Wanafunzi wetu wakifika mahali hapo hutabasamu, kisha wakafungua ukurasa wa pili, na sisi tuliokuwa tukiwasomesha hatukuwasimamisha. Kwa miaka mingi tumeeleza haki za waume kwa urefu na haki za wake kwa mkato, na mume wa bibi huyu alikuwa akisikiliza. Sehemu ya lawama ni yetu.

Ama chumo la mwanamke, hilo ni lake. Yatosha kisa cha Bibi Zainabu, mke wa Abdullah bin Masud, kilichomo katika Bukhari na Muslim. Bibi huyu alikuwa na mali, na mumewe alikuwa na upungufu. Akaenda kuuliza kama akimpa mumewe na mayatima walio chini ya ulezi wake, je, itamfaa kuwa ni sadaka? Mtume (S.A.W.) akamjulisha kuwa itamfaa, na ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Tuzingatie neno hilo sadaka. Lau ingalikuwa ni wajibu juu yake kumlisha mumewe, isingeitwa sadaka, kwani mtu alipaye deni hasemi kuwa ametoa sadaka.

Wapo watakaotuambia: mke hutoka kwa idhini ya mumewe. Ni kweli, wala hatukusema kinyume chake. Lakini idhini si bidhaa, wala haikuwekwa ili mume apate kuiuza kwa bei ya mshahara wa mkewe. Akiona kutoka kwake kuna madhara, na ayaseme madhara hayo wakayashauriane. Hata kumwachisha mtoto ziwa, Mwenyezi Mungu amekutaja katika Sura ya Baqara, Aya ya 233, kuwa ni kwa ridhaa na mashauriano ya wazazi wawili. Ikiwa ziwa lina mashauri, vipi jambo litakalobadili siku nzima ya watu wa nyumba?

Na wapo majirani, ambao kwao mama wa watoto wanne kuonekana kituo cha matatu alfajiri ni habari ya wiki nzima. Hao twawakumbusha khabari ya khaloo yake Jabir bin Abdillahi, iliyomo katika Sahihi Muslim. Alikuwa katika eda ya talaka, akataka kutoka kwenda kuvuna tende za mitende yake. Mtu mmoja akamkemea. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.), naye akamruhusu kwenda kuvuna, kwani huenda akatoa sadaka au akatenda wema. Huyo alikuwa edani! Na hapa pwani petu bibi zetu walishona kofia, wakasuka mikeka, wakauza mahamri barazani, na hatukumsikia mtu akiuliza.

Sasa tuingie katika jambo ambalo bibi yetu hakuliuliza, nasi twaliona ni zito kuliko aliloliuliza. Mke anaporudi kazini kwa kawaida husaidia, na kusaidia ni kwema. Lakini aangalie fedha yake yaingia wapi. Tumeshuhudia nyumba nyingi ambazo fedha ya mume hununua kiwanja na matofali, na fedha ya mke hununua unga, samaki, gesi na sare za skuli. Baada ya miaka 15 mume ana nyumba, na mke ana kumbukumbu ya chakula kilicholiwa. Wengine hununua hata mabati kwa mkopo waliouchukua kwa majina yao, na hati ya kiwanja imeandikwa jina la mume peke yake. Siku mume akifa, nyumba ile ni tirka. Mke mwenye watoto fungu lake ni thumni, sehemu moja katika nane, na wakiwa wake ni wawili au zaidi hushirikiana katika thumni hiyo hiyo. Kadhi hawezi kuhukumu kwa machozi. Ataka karatasi na mashahidi. Basi kila kikubwa atoacho mke kisemwe mapema: je, ni zawadi, au ni mkopo, au ni ushirika katika nyumba? Kiandikwe, na watu wawili washuhudie. Aya ya kuandika deni, ya 282 katika sura hiyo hiyo ya Baqara, haikubagua baina ya mke na mfanyabiashara.

Kuhusu kazi yenyewe tutasema machache. Aliyeacha kazi kwa miaka 11 asidhani kuwa kiti chake kimemngoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwenye kujifungua likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kazini mwake. Aliyejiuzulu huanza upya. Na skuli aliyoiacha siyo atakayoikuta. Mtaala wa umilisi ulianza mwaka 2019, na mtihani wa KCPE aliokuwa akiwatayarishia watoto ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Vyuo vya ualimu navyo vilianza mwaka 2021 kufundisha diploma mahali pa cheti cha P1, na wenye cheti cha zamani wakafunguliwa njia ya kukiinua. Masomo hayo yana gharama. Kwa hiyo mume anayehesabu mshahara wa mkewe tangu mwezi wa kwanza ahesabu pia ada hiyo, na nauli, na ujira wa atakayebaki na watoto. Huenda akaona kuwa karo aliyomtwika ni zaidi ya mshahara wenyewe.

Bado kazi za nyumbani. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na ukifika wakati wa Sala hutoka. Mwanamume wa Mombasa ambaye hajui sufuria yakaa wapi asituambie kuwa hiyo ndiyo Sunna.

Bibi huyu na mumewe walitujia pamoja juma lililopita baada ya Isha. Mume alikasirika kwanza, kisha akaomba kalamu. Wameandika ukurasa mmoja: kodi na chakula ni juu ya mume kama zamani, mke amalize kwanza masomo yake, kisha atasaidia karo kwa kiasi atakachokitaja yeye, na kitaandikwa kuwa ni zawadi, kuwapeleka watoto chuoni baada ya Alasiri ni kazi ya baba. Chakula cha mchana kimebaki bila ya uamuzi. Bibi asema atakiacha kimepikwa, mume asema atanunua mkahawani, na mavyaa wa bibi ametuma salamu kwamba akisikia wajukuu zake wanalishwa mkahawani, atahamia kwao na sufuria zake.