Joto la Kompyuta Uwandani: Programu Ipi ya Kuamini?

Maswali ya watu wa Luberizi, na majibu ya fundi wa kompyuta.

Fundi, laptop yangu ilikuwa nzima kabisa Bukavu. Tangu nihamie Luberizi inazima yenyewe mchana. Imeharibika?

Huenda haijaharibika. Bukavu iko kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Kivu. Luberizi imelala katika uwanda wa Ruzizi, chini ya mita 1,000, na alasiri joto hupita nyuzi 30. Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayovutwa. Chumba kikipanda nyuzi 10, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi hizohizo kwa kazi ileile. Ongeza vumbi la kiangazi kwenye matundu. Lakini usibahatishe, pima kwanza.

Nimejaribu programu mbili, kila moja ina namba yake. Ipi inasema kweli?

Hapa ndipo wengi hupotea. Kihisi kilichomo ndani ya prosesa nyingi za Intel hakitoi joto lenyewe. Hutoa umbali uliobaki kufikia kikomo, ambacho mara nyingi ni nyuzi 100. Programu ndiyo hufanya hesabu ya kutoa. Isipokijua kikomo cha prosesa yako, itakupa namba ya uongo bila kusita. Mwaka 2017 prosesa ya AMD Ryzen 7 1800X ilitoka ikiripoti nyuzi 20 zaidi ya joto halisi, kwa makusudi, ili feni ziendeshwe kwa utaratibu mmoja. Programu zisizojua jambo hilo ziliwatisha watu bure. Kwa hiyo swali la kwanza si uzuri wa programu, ni kama mtengenezaji wake bado anaisasisha.

Basi nichukue ipi?

Kwa Windows, mimi huweka HWiNFO. Inatambua mashini za zamani na mpya, inaonyesha joto la chini na la juu kabisa tangu uifungue, na inaandika kumbukumbu kwenye faili. Ipo ya kubeba kwenye fulashi, haihitaji kusakinishwa, na kupima hakuli mega zako. Core Temp nayo ni nyepesi na inatosha kwa prosesa peke yake. Kwa Linux, weka lm-sensors kisha andika amri *sensors*. SpeedFan iache, ilikuwa maarufu, lakini imekaa miaka mingi bila kusasishwa.

Ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Nakala inayopita kwenye fulashi za watu mtaani hujui imebeba nini.

Antivirus inazuia programu niliyopewa. Niizime?

Hapana! Programu kadhaa za kupima joto zilitumia dereva iitwayo WinRing0, yenye udhaifu uliotangazwa mwaka 2020, na mwaka 2025 Defender ya Microsoft ilianza kuipigia kengele. Onyo hilo lina msingi. Tafuta toleo jipya au programu nyingine.

Naona nyuzi 127 mahali fulani. Itaungua?

Kama namba hiyo haisogei kamwe, ni kihisi kisichounganishwa na kitu. Tazama mstari wa prosesa. Ukiandika barua au ukisikiliza muziki, nyuzi 50 hadi 65 katika joto la huku hazinisumbui. Ikikaa juu ya 90 kwa kazi nyepesi, mashini inahitaji kufunguliwa na kusafishwa.

Nitajuaje kwamba joto ndilo linaloizima?

Washa kumbukumbu ya HWiNFO, fanya kazi mpaka izime, kisha fungua faili usome mistari ya mwisho. Prosesa ikikaribia kikomo hujipunguzia kasi kwanza. Ikizidi kupanda, hujizima. Ukikuta joto lilipanda hadi huko, safisha feni na ubadilishe krimu ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa. Ukikuta ilizima ikiwa kwenye nyuzi 60, acha feni. Kagua betri, chaja na inverta ya sola.