Kuunda na Kushua: Msamiati wa Vyombo vya Mbao na Ushirika wa Waundaji katika Pwani ya Waswahili

1.0 Utangulizi

Msamiati wa vyombo vya bahari ni miongoni mwa nyanja za Kiswahili zilizovuta macho ya watunga kamusi mapema sana. Kamusi ya Krapf (1882) na ile ya Johnson (1939) zimesheheni majina ya sehemu za chombo, ya zana za fundi na ya watu wafanyao kazi chomboni. Wanafunzi wa leksikografia wanaofanya utafiti katika Lamu, Unguja, Pemba, Mafia au Kilwa wamerithi utaratibu huo huo: huenda ufukoni, huonyesha kitu, huuliza jina lake, na huandika jibu.

Makala haya yanadai kwamba utaratibu huo, ingawa umezaa matunda, unaacha nje sehemu kubwa ya lugha ya waundaji. Chombo cha mbao hakiundwi na mtu mmoja, na maneno ya kazi hiyo hayakai katika kinywa cha mtu mmoja. Mengi kati yake ni maneno ya kutenda pamoja: ya kuamuru, kuitikia, kushika, kuvuta na kupokezana. Kwa hiyo msamiati huu hauwezi kuhifadhiwa kikamilifu kwa kuorodhesha majina ya vitu. Yapasa uhifadhiwe pamoja na ushirika unaoutumia. Suala hili si la nadharia tu, kwani boti za faiba zinazidi kuchukua nafasi ya vyombo vya mbao, na viwanja vya uundaji vinapopungua, wasemaji wa lugha hiyo hupungua pia.

2.0 Kitenzi -unda na jamaa yake

Mswahili wa pwani hujenga nyumba, lakini huunda chombo. Kamusi za zamani zinakihusisha kitenzi -unda na kazi ya mbao, na hasa na uundaji wa vyombo vya bahari. Kutokana na mzizi huo yamepatikana maneno mwundaji, muundo na kiunzi, yaani mifupa ya kitu kabla hakijavikwa umbo lake kamili.

Ajabu ni kwamba maneno haya leo yanasikika zaidi madarasani na ofisini kuliko ufukoni. Serikali huundwa, kamati huundwa, na istilahi huundwa. Wanaisimu huzungumzia muundo wa sentensi. Watafiti huandika sura nzima juu ya kiunzi cha nadharia. Taaluma imejitwalia maneno yanayofungamana kwa karibu na kazi ya seremala wa vyombo bila kukumbuka walikoyazoea watumiaji wake wa awali. Hakuna ubaya katika kuhama kwa maana, kwani ndivyo lugha zikuavyo. Lakini yafaa ieleweke kwamba neno linapohama hubeba sehemu tu ya mzigo wake. Katika matumizi ya kitaaluma, -unda ni tendo la akili ya mtu mmoja. Katika matumizi ya pwani ni tendo la mikono ya wengi.

3.0 Majina ya wageni, vitenzi vya wenyeji

Ukichunguza majina ya nyanja hii, utakuta historia nzima ya Bahari ya Hindi. Nahodha ni neno lenye asili ya Kiajemi. Usukani ni la Kiarabu. Parafujo limetoka katika Kireno. Randa limepita katika lugha za Kihindi na Kiajemi. Pembeni mwao yamo majina kama mkuku, yaani mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima, na tanga. Majina, kwa hakika, ni mali ya biashara: huja na kitu na husafiri nacho.

Vitenzi vina tabia nyingine. Kuunda, kuchonga, kutoboa, kushona, kuziba na kushua ni vitenzi vya Kibantu. Kushua na kushuka ni mtu na nduguye: chombo kinachoshuliwa hushushwa kutoka nchi kavu hadi majini. Kitenzi kukalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ndicho kinachojitokeza kuwa cha kuazima, na wenziwe wanapatikana katika Kiarabu, Kireno na Kiitaliano. Kwa jumla, basi, pwani ilipokea majina ya vitu vingi kutoka ng'ambo, lakini ilivitenda vitu hivyo kwa vitenzi vyake.

Hali ya methali inathibitisha jambo jingine. Methali isemayo "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" ina majina matatu ya sehemu za chombo: tezi ni nyuma, omo ni mbele, na ngama ni sehemu ya ndani chini yanamokusanyika maji ya kufutwa. Mwanafunzi wa bara anaweza kuitumia methali hiyo barabara ilhali hajapata kuiona ngama. Maneno hayo yameishi kwa sababu yamefungwa katika usemi ambao watu huambiana. Neno lililo katika usemi huishi zaidi kuliko neno lililo katika orodha.

4.0 Kazi isiyofanywa na mtu mmoja

Kazi ya kuunda jahazi au mashua huanza kwa kulaza mkuku. Baada ya hapo husimamishwa nguzo za omo na tezi, kisha mbao na mataruma hupangwa hadi umbo likamilike. Mataruma, ambayo ni mbavu za chombo, hutafutwa katika miti na matawi yaliyopinda yenyewe, maana taruma lililokatwa katika mti ulionyooka huvunjika kwa kufuata nyuzi zake. Kwa sababu hiyo kazi ya fundi huanzia shambani na msituni, na mwenye kuona tawi lifaalo huja kumwarifu. Kabla ya msumari kupigwa, tundu hutobolewa kwanza kwa keekee ili mbao isipasuke.

Katika hatua zote hizi fundi huongoza kwa jicho. Hana mchoro wa karatasi. Hutazama mstari wa mbao kutoka omo, humwambia msaidizi ainue au ashushe kidogo, na kazi yote huwa ni mazungumzo ya namna hiyo kutwa nzima. Maneno ya kiasi, ya mwelekeo na ya kusubiri ndiyo yanayobeba elimu ya umbo la chombo. Mtafiti aulizaye tu "hiki kinaitwaje?" hatayasikia, kwa kuwa hayana kitu cha kuonyeshwa kwa kidole.

Kukalafati nako ni kazi ya watu wengi. Mstari baada ya mstari wa pamba hupigwa kwa patasi na nyundo, kila mtu na upande wake. Mbao hupakwa mafuta ya sifa, yatokanayo na samaki kama papa, na sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili kuzuia wadudu watoboao mbao. Kazi hii hairudiwi mara moja tu katika maisha ya chombo, bali kila kinapopandishwa pwani kutengenezwa.

Kilele cha ushirika ni siku ya kushua. Chombo kikubwa hakishuliwi ila kwa maji ya bamvua, nayo huja mara mbili tu katika mwezi mwandamo. Watu wasipotosha siku hiyo, maji yatapungua, na itapasa kungoja takriban wiki mbili. Hapo ndipo kijiji huitwa. Magogo huwekwa chini ya mkuku, kamba hufungwa, na wavutaji hupokezana sauti ya mmoja anayeongoza na ya wengi wanaoitika. Neno harambee, ambalo Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa la Kenya mwaka 1963, ni la jamii hii ya miito ya wavutao au wainuao kitu kizito kwa pamoja.

5.0 Fundi, mwanagenzi na jirani

Maneno fundi, funda, funza na mwanafunzi ni ya mzizi mmoja. Fundi, kwa mujibu wa mzizi huo, si mtu ajuaye tu, bali ni mtu afunzaye. Mwanagenzi hukaa naye, hushika zana, hukosea na kusahihishwa. Na anapohitimu, fundi hupewa kilemba, zawadi ya shukrani iliyo tofauti na ujira.

Hata hivyo, si kila ashikaye tezo ni fundi. Wavuvi wengi huchonga au hutengeneza ngalawa zao wenyewe, aghalabu kutokana na gogo la mwembe, na kuzifunga matengo kwa msaada wa jirani. Hawa hawaishi kwa uundaji. Wanajua kiasi cha kuwatosha, na wanachokipungukiwa hukiazima kwa mwenzao pamoja na keekee yake. Malipo huwa chakula, au ahadi kwamba siku ya mwenzao nao watakuwapo. Maneno bia, kikoa na ujima yanaeleweka vizuri zaidi katika mazingira haya kuliko katika hotuba.

Ulinganisho na Uingereza unasaidia kuonyesha umahususi wa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jack Holt na Barry Bucknell walibuni mashua ndogo iitwayo Mirror, kwa udhamini wa gazeti la Daily Mirror, ili mtu asiye fundi aweze kuiunda nyumbani kwake. Mbao nyembamba zilizokwisha kukatwa zilishonwa kwa waya wa shaba, kisha viungo vikafunikwa kwa kitambaa cha faiba na gundi. Maelfu ya watu waliziunda. Huko nako ushirika ulizuka baina ya wasio mafundi, lakini elimu ya umbo ilikuwa imekwisha kufungwa katika vipande na maelekezo. Watu walikutana kwa kuwa walikuwa na chombo cha namna moja. Katika pwani ya Waswahili mambo ni kinyume: chombo hupatikana kwa kuwa watu wamekutana.

6.0 Mtepe na Flipflopi

Madai haya yanaweza kupimwa kwa mifano miwili. Wa kwanza ni mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka. Vyombo vya kushonwa vinatajwa katika pwani hii tangu Periplus ya karne ya kwanza, na jina la mji wa Rhapta limehusishwa na ushonaji huo. Katika karne ya 20 mitepe ilitoweka. Ilipoamuliwa kuunda mtepe mwingine Zanzibar mwaka 2003, uzi wa kupokezana kutoka fundi hadi mwanagenzi ulikuwa umekatika, na vielelezo vidogo na maandishi vikawa ndio walimu. Jina lilikuwapo, umbo lilikuwapo. Maneno ya washonaji wakiambiana kaza au legeza hayakuwapo.

Mfano wa pili ni Flipflopi, chombo cha takriban mita 9 kilichoundwa Lamu kwa plastiki iliyotumika, zikiwamo kandambili, na kushuliwa mwaka 2018. Mali ghafi ilikuwa ngeni kabisa. Lakini mafundi, wakiongozwa na Ali Skanda, waliitenda plastiki kama mbao, wakaunda chombo kwa mbinu za jahazi, na mwaka 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Mtepe ulikuwa na kumbukumbu bila ushirika. Flipflopi ilikuwa na ushirika hata bila mbao. Ulinganisho huu unaonyesha ni kipi kati ya viwili hivyo kilicho kigumu kurudisha kikishapotea.

7.0 Hitimisho

Imejadiliwa kwamba msamiati wa uundaji wa vyombo una tabaka mbili: majina, ambayo kamusi zimeyahifadhi kwa kiasi kikubwa, na lugha ya kutenda pamoja, ambayo bado haijakusanywa ipasavyo. Inapendekezwa kwamba watafiti warekodi siku nzima za kazi, tangu kulaza mkuku hadi kushua. Waandike amri na maitikio pamoja na anayesema na anayeambiwa. Na wasimhoji fundi peke yake huku wakimwacha nje mwanagenzi na jirani. Kamusi itakayotokana na kazi hiyo ionyeshe kila kitenzi pamoja na idadi ya mikono inayokihitaji. Kazi hiyo haina budi kufanywa wakati ambapo mafundi wangali wanaambiana.