NGUO YA NYUMBA

Mtu akiona baridi hujifunika blanketi. Wengi hudhani ya kuwa blanketi lina joto lake, nalo humpa mtu joto hilo. Sivyo. Liweke blanketi sandukuni usiku kucha, na asubuhi utalikuta lina baridi kama sanduku lenyewe. Joto ni la mwili wa mtu. Kazi ya blanketi ni kulizuia lisitoke upesi. Na nyumba ni vivyo hivyo. Ukuta wa nje ni nguo yake, na nguo ikiwa nyepesi mno, kuni nyingi huteketea bure.

Joto daima hutoka penye moto kwenda penye baridi. Vitu vingine hulipitisha upesi, vingine polepole. Shika kijiko cha chuma kilichokaa katika uji unaochemka, kitakuunguza. Shika mwiko wa mti, hutaona neno. Bati hupitisha joto upesi kabisa. Mawe na matofali hupitisha kwa kiasi. Mti mkavu hupitisha kidogo. Na hewa iliyotulia hupitisha kidogo kuliko hivyo vyote. Lakini hewa ikipata nafasi ya kutembea, hulichukua joto ikaenda nalo. Basi shauri ni kuifunga hewa katika matundu madogo sana isiweze kutembea. Ndivyo yafanyavyo manyoya ya ndege, sufu ya kondoo, sufi iliyomo ndani ya mto wa kulalia, na nyasi za paa.

Jambo hili laweza kujaribiwa shuleni. Twaa makopo matatu yaliyo sawa. La kwanza liache wazi. La pili lizungushie nyasi kavu, unene wa vidole vinne, ukazifunge kwa kamba. La tatu lifanye kama la pili, ila nyasi zake zichovye majini kwanza. Mwalimu atie maji ya moto kwa kipimo kimoja, na kila kopo lifunikwe kwa kibao. Nusu saa ikipita, pima maji. Yale ya nyasi kavu yatakuwa na joto kuliko yote. Nyasi zilizolowa zimeshindwa, kwa kuwa maji yameingia mahali pa hewa, na maji hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko hewa iliyotulia. Kwa hiyo nguo ya nyumba, kama nguo ya mtu, haifai kitu ikilowa.

Wajenzi wa zamani waliyajua mengi ya haya kwa kuyaona. Wagogo walijenga tembe, nyumba ya kiambaza kinene na paa la udongo, katika nchi ambayo jua lake ni kali mchana na baridi yake ni kali usiku. Katika Mji Mkongwe wa Unguja kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo ni nene sana. Ukuta mzito wa namna hii hulichelewesha joto: jua la mchana hukawia ndani ya ukuta, na kabla halijafika chumbani jioni imekwisha kuingia. Lakini kuchelewesha si kuzuia. Mahali penye baridi mchana na usiku kwa miezi mingi, uzito peke yake hautoshi. Yatakiwa hewa iliyofungwa.

Nchi za Ulaya ya kaskazini ndizo zenye shida hiyo. Wakati wa baridi maji ya nje huganda, na nyumba hazina budi kupashwa moto kila siku. Nyumba nyingi za zamani zina kuta za matofali matupu, na joto linalonunuliwa kwa fedha hutoka nje kupitia kuta hizo. Watu maskini huwa na mashaka ya kuchagua, wanunue chakula au wanunue moto. Kwa sababu hiyo mafundi huzivika nyumba nguo. Huchukua mbao za sufu ya mawe, yaani mawe yaliyoyeyushwa yakasokotwa kuwa nyuzi, au mbao za povu gumu jeupe, lile linalowekwa katika masanduku ya redio zisivunjike. Povu hilo karibu lote ni hewa. Sentimeta 1 yake huzuia joto kama sentimeta 20 hivi za matofali. Mbao hizo hugandishwa na kupigiliwa ukutani kwa nje, kisha hufunikwa kwa wavu na lipu ili mvua isipenye.

Kwa nini nje, wala si ndani? Kwanza, matofali yakiwa ndani ya nguo hushika joto, na moto ukizimika hulirudisha chumbani polepole. Pili, nguo ya nje hupita moja kwa moja bila kukatika, hata mahali sakafu na kuta za kati zinapoungana na ukuta wa nje, ambapo joto hupenda kutoroka. Tatu, ukuta wenye joto hautoi jasho. Mvuke wa pumzi na wa mapishi ukigusa ukuta wa baridi hugeuka maji, na kuvu huota, nayo hudhuru vifua vya watoto.

Katika mji wa Darmstadt, Ujerumani, nyumba nne zilizoungana zilianza kukaliwa mwaka 1991. Matofali yake yana upana wa sentimeta 17.5, na povu la nje lina sentimeta 27.5, kupita matofali yenyewe. Madirisha yana vioo vitatu vitatu, paa nalo limevikwa sana, na nyufa zimezibwa. Nyumba hizo zilihitaji karibu sehemu 1 tu katika 10 ya moto uliotumiwa na nyumba za kawaida za nchi ile.

Lakini nguo mbaya huua. Usiku wa tarehe 14 Juni, 2017, jumba la Grenfell Tower la London, lenye orofa 24, liliungua. Mwaka uliotangulia lilikuwa limemaliza kuvikwa mbao za povu, na juu yake mabamba ya alumini yenye plastiki katikati. Moto mdogo ulianza jikoni katika orofa ya nne, ukashika mabamba, ukapanda mpaka juu. Watu 72 walikufa. Baraza la uchunguzi lilitangaza mwaka 2019 ya kuwa sababu kubwa ya kuenea kwa moto ilikuwa mabamba hayo. Sufu ya mawe haiwaki; plastiki huwaka. Fundi asiyeuliza kitu hiki kinafanyaje kikipatwa na moto, hajamaliza kazi yake.

Katika nyanda za juu, kama Njombe na Mbeya, miezi ya Juni na Julai ina baridi kali, na hapo mafunzo haya yafaa. Kiambaza kikandikwe vizuri, paa litokeze nje ili mvua isilowanishe ukuta, na nyufa zizibwe mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila nyumba iliyozibwa isilazwe jiko la mkaa ndani hata siku moja. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala. Ukuta mzuri na blanketi vyatosha kuwalinda walalao mpaka asubuhi.

MASWALI

1. Joto la mtu aliyejifunika blanketi latoka wapi?
2. Kwa nini nyasi zilizolowa hazizuii joto vizuri?
3. Eleza tofauti ya kuchelewesha joto na kuzuia joto.
4. Taja sababu tatu za kuuvika ukuta kwa nje.
5. Kwa nini ni hatari kulala na jiko la mkaa ndani ya nyumba?