Mzigo Unaopumua: Mafunzo Niliyopata Nyuma ya Usukani

Miaka yangu ya kwanza Texas nilibeba kuku, aiskrimu na maua. Kuku akiharibika ni hasara, uvundo na maneno ya watu wa bima, basi. Baadaye nikafanya mtihani, nikachukuliwa alama za vidole, serikali ikanichunguza, na leseni yangu ikaongezwa herufi H. Nikaanza kupakia peroksaidi ogania, kemikali zinazotumika kutengeneza plastiki, ikiwemo ya mabomba ya maji ya majumbani. Trela ni ileile ya kuku, na mashine ya baridi ileile. Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja wa Bukavu. Siku ya kwanza aliupiga ubavu wa trela kwa kiganja, akasema, "Mudogo yangu, iyi muzigo iko inapumua."

Kuku hupata joto kutoka nje. Peroksaidi hujitia joto yenyewe: inavunjika, kule kuvunjika kunatoa joto, joto linavunja nyingine zaidi, na ukichelewa kuipoza inakushinda mbio.

1. Angalia herufi iliyo baada ya namba

Safari yangu ya pili, dispacha, mpanga safari wetu, alinitumia ujumbe mfupi: weka 14. Trela niliyopewa ilikuwa imerudi kutoka Kanada wiki ile. Nikabonyeza 14, nikaiacha mashine ingurume usiku kucha, kwa sababu mzigo wa namna hii hauingizwi kwenye trela ambayo haijapoa. Nikalala kama mtoto.

Asubuhi kiwandani, mama wa kupakia alifungua mlango, lakini hakuingia. Alinyoosha mkono ndani kama mtu anayepima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Akaenda kuchukua kipimajoto chake, akarudi, akanionyesha bila kusema kitu: 57. Waliokuwa na trela Kanada walikuwa wameiacha mashine kwenye Selsiasi, nami nimezoea Farenhaiti. Digrii 14 za Selsiasi ni 57 za Farenhaiti. Bili ya mzigo ilitaka 14 za Farenhaiti, yaani 10 chini ya sifuri kwa hesabu tuliyosoma shuleni.

Hakunifokea. Alinirudishia karatasi, akanielekeza pa kuegesha mpaka trela ipoe. Nilikaa kebini hadi alasiri nikipiga hesabu. Mzigo ule ulikuwa na uwezo wa kuanza kujichoma ukikaa kwenye digrii 10 za Selsiasi. Mimi nilikuwa nimeuandalia chumba cha 14.

2. Namba ya kwenye bili ni dari

Tangu siku hiyo nilitaka kujua zile namba zinatoka wapi. Kuna kiwango cha joto ambacho mzigo, ukiwa ndani ya chombo chake, unaweza kuanza kuvunjika na kujiendeleza wenyewe ndani ya wiki moja. Sheria ya Marekani inashuka kutoka hapo. Kiwango hicho kikiwa digrii 20 za Selsiasi au chini, joto la kudhibiti linawekwa digrii 20 chini yake, na joto la dharura digrii 10 chini ya kiwango hichohicho. Kikiwa kati ya 20 na 35, ni 15 na 10. Kikizidi 35 mpaka 50, ni 10 na 5. Namba zote mbili, ya kudhibiti na ya dharura, lazima ziandikwe kwenye bili.

Kwa mzigo wangu: 10 ni maangamizi, sifuri ni dharura, 10 chini ya sifuri ni mwisho wa kuvumilia. Madereva wengi wageni huiona hiyo ya mwisho kama shabaha, wakaiweka hiyohiyo kwenye mashine. Hiyo ni dari. Mimi, mwenye mzigo akiridhia, naweka 5 za Farenhaiti pale dari ilipo 14, na mashine naiwasha mfululizo. Ule mtindo wake wa kujizima na kujiwasha ili kubana dizeli ni wa viazi.

3. Trela ina tangi lake

Hili naliandika kwa aibu. Kule I-10, upande wa Louisiana, mwezi wa Agosti, nilijaza kichwa cha gari dizeli, nikanunua kahawa, nikaondoka. Tangi la mashine ya baridi sikulitazama. Saa nane usiku mngurumo ule wa nyuma, ambao ukishauzoea huusikii tena, ulikata. Nikasikia ukimya.

Nilisimama kwenye kituo cha kwanza cha mafuta. Skrini ilionyesha 6. Nikajaza tangi, nikabonyeza, mashine ikakohoa, ikazima. Dizeli ikiisha kabisa hewa huingia kwenye mipira ya mafuta, na hewa haiwaki. Skrini: 7. Nikapiga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye bili. Sauti ya upande wa pili, tulivu kabisa, iliniuliza maswali mawili: sasa ni ngapi, na inapanda kwa kasi gani? La pili sikuwa na jibu, maana sikuwa nimeandika kitu tangu jioni.

Akaniambia milango nisiifungue hata kwa udadisi, kwani trela iliyojaa mzigo uliopoa inachelewa kupata joto ikiachwa imefungwa. Nikaanza kuitoa hewa kwa pampu ya mkono, tochi mdomoni, jasho likiniingia machoni, kila dakika kumi nikiandika namba kwenye bahasha ya kahawa. 8. 9. 9. 11. Ilipofika 11 mashine ikashika.

Bahasha ile ninayo mpaka leo. Sasa naandika joto kila ninaposimama, na tangi la nyuma nalijaza kabla ya la mbele.

4. Madogo yasiyo madogo

Sigara ni futi 25 kutoka kwenye gari, yako na ya jirani, na jirani ndiye mgumu. Tairi zinakaguliwa kabla ya safari na kila unapoegesha. Bili ikae mahali mkono unapofika ukiwa umefunga mkanda. Na biriani ya Houston, ile ya dada yetu wa Mombasa, sahau: gari lenye vibao vya hatari huliachi ukingoni mwa barabara ya watu ukaenda kula. Siku hizi mume wake ndiye huniletea.

5. Jua saa ya kuondoka

Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilikifurikisha kiwanda kimoja cha peroksaidi kule Crosby, karibu na Houston. Umeme ulikatika, majenereta ya akiba yakazama. Wafanyakazi wakahamishia peroksaidi kwenye trela za baridi, tisa kwa jumla, lakini maji yakazifuata hizo nazo. Watu wa eneo la maili moja na nusu walikuwa wamehamishwa. Tarehe 31 Agosti trela ya kwanza ikawaka yenyewe, na kwa siku chache, nyingine zikafuata, za mwisho zikachomwa kwa makusudi. Watu 21 walitafuta matibabu kwa sababu ya moshi uliovuka barabara.

Kitabu cha mwongozo wa dharura tunachobeba, ukurasa wa mwongozo 148, kinasema usiuache mzigo upate joto: tafuta naitrojeni ya maji, barafu kavu au barafu. Ukikosa, ondoka mara moja na watu waondoke.

Nilipomsomea mzee wa Bukavu ukurasa huo, alicheka, akanyoosha mguu. Akibeba kuku huendesha akiwa na ndala. Siku ile alikuwa amevaa buti, kamba zimefungwa fundo mara mbili, na sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini.

Sasa na mimi nina jozi yangu, iko nyuma ya kiti.